Kwenye raundi, mwanafunzi wa uuguzi aanze

Kwa mnaosimamia wanafunzi wodini hapa Malindi: kwenye raundi, yaani mzunguko wa kuwapitia wagonjwa kitandani, mwanafunzi wa uuguzi aanze kueleza hali ya mgonjwa, kisha mwenzake wa utabibu arudie alichosikia kabla ya kuongeza lake. Muuguzi ndiye aliyekesha na mgonjwa. Anajua uji ulitapikwa alfajiri, mkono wenye dripu umevimba, na mama anawaza nauli ya kurudi Marafa. Tabibu akishataja ugonjwa, hayo humezwa na hakuna anayeyauliza tena. Kule kurudia ndiko kunakofundisha hasa, maana huwezi kurudia usichosikiliza. Dawa zikiwa nyingi, wa famasia naye apewe zamu. Mgonjwa akizidiwa, acheni utaratibu huu: mmoja aongoze, wengine wafuate. Na msimamizi akidakia katikati, wote watageuka kumsikiliza yeye.