Triga ya bastola ya mashindano: anza na risasi unazozipata

Wanaoniletea bastola hapa Nakuru wengi huwa wameshaamua: wanataka triga nyepesi kama ya yule aliyewashinda Kiambu. Mimi huuliza kwanza, unapiga risasi gani? Nitaeleza kwa CZ 75, bastola ya Kicheki, na jamaa zake.

1. Karatasi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huhesabu hata vipuri kuwa silaha. Ulizia kibali kabla ya kuagiza chochote, na kazi ifanywe na fundi aliyesajiliwa, au wewe ukiwa naye.

2. Pima. Toa magazini, vuta slaidi, chungulia chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zote zibaki chumba kingine. Mizani ya ndoano inayosoma gramu inatosha, hata ya kupimia samaki. Ndoano ikae katikati ya triga, uvute polepole sambamba na mtutu, mara kadhaa, uandike wastani. Daraja la Production (la bastola za kawaida za kiwandani) la IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano haya, linataka uzito wa kuvuta triga kwa risasi ya kwanza usipungue kilo 2.27, au kwa zote usipungue kilo 1.36. Soma kanuni za mwaka huo. Mwamuzi hatakuuliza ulitumia pesa ngapi.

3. Chagua springi ya nyundo. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Za kubadilisha huuzwa za ratili 15, 13, hata 11.5. Ya 11.5 ni tamu mkononi, lakini nyundo inapiga kwa unyonge, na fataki ngumu (fataki ni kile kidude kitakoni mwa risasi kinachogongwa kuwasha baruti) hazilipuki. Anayeishi Marekani huchagua risasi zenye fataki laini za Federal. Wewe unanunua kilichopo dukani. Kwa hiyo anza na 15, ushuke hadi 13 ikiwa risasi zako zinakubali. Pini ndefu ya kufyatulia husaidia kidogo, ila haifufui springi iliyochoka.

Nyundo, sia (kipande kinachoshika nyundo ikiwa imevutwa) na diskonekta (kinachozuia risasi ya pili kutoka kabla hujaachia triga) nunua zilizokwisha kuchongwa kiwandani. Msasa kwenye meno ya sia siukubali hata kwa rafiki: ukishakula ule ugumu wa juu, chuma laini cha chini huisha haraka na nyundo huanza kuponyoka.

4. Funga. Piga picha kila hatua kwa simu. Fanyia kazi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha. Vijispringi vya sefti, kile kizuizi cha usalama, huruka, na sakafu yenye vumbi la Januari hairudishi kitu. Springi ya kurudisha triga ndiyo huvunjika zaidi kwenye bastola hizi, basi weka mpya ukiwa umeshafungua. Itie kwenye triga pamoja na kipini kifupi cha muda, ingiza triga mahali pake, halafu pini halisi isukume kile cha muda kitoke upande wa pili. Mafuta tone moja kwenye sia, basi.

5. Jaribu bila risasi. Nyundo ikiwa imevutwa, isukume mbele kwa dole gumba: isianguke. Weka sefti, bana triga kwa nguvu, iachie, kisha toa sefti: nyundo ibaki pale pale. Sasa bana triga bila kuiachia, vuta slaidi na uiache irudi. Nyundo ibaki nyuma, na ukiachia triga polepole usikie mlio mdogo wa triga ikiungana tena na sia. Jaribio moja likikataa, bastola haitoki mezani.

6. Uwanjani. Tia risasi moja kwenye magazini, piga. Kisha mbili, mara kadhaa. Kwa nini mbili? Sia isiposhika, zitatoka zote mbili kwa mbano mmoja, na hapo zimeisha. Kwenye magazini iliyojaa ungekuwa na balaa. Likitokea hilo, fungua, rudisha sehemu za zamani.

Baadaye okota maganda. Alama ya pini kwenye fataki iwe shimo lililozama vizuri, katikati au karibu na katikati. Risasi ikigoma, elekeza mtutu kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha na usubiri sekunde 30 kabla ya kuitoa. Ikigoma hivyo, au ukiona kidoti kidogo tu, panda ratili mbili kwenye springi ya nyundo. Springi za kiwanda zifunge kwenye bahasha yenye namba ya bastola, uende nayo kila mashindano.