Kabla hujaenda mjini kununua vipande vya kompyuta

Wengi wanaojiundia kompyuta kwa pesa ya kubana huanza na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Mtu anatenga laki zake, anakimbilia prosesa yenye jina, halafu chenji iliyobaki ndiyo inayonunua pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Mimi ningegeuza mpangilio huo, maana umeme wa mtaani kwetu naujua.

Kwenye karatasi, umeme wa Uganda ni volti 240. Nenda sasa kwenye nyumba za kupanga za Bwaise, Kampala, saa moja jioni, kila mtu kachomeka pasi: taa zinafifia, mara giza. Ukirudi, unarudi kwa kishindo, na wa kwanza kukipokea ni pawa saplai. Niliwahi kununua moja ya bei ya kutupa, imebandikwa wati 500, nyepesi kama kopo tupu la siagi. Ilidumu wiki tatu. Usiku mmoja umeme ukarudi, nikasikia pa!, ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua. Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipande vyote, nayo ikaenda.

Siku hizi naipima kwa mkono kwanza, kwa sababu shaba na vyuma vya kupozea joto vina uzito. Kisha nasoma lebo ya ubavuni, siyo ile namba kubwa bali mstari wa +12V. Chukua ampia zilizoandikwa hapo, zidisha kwa 12. Ukikuta ampia 18, hiyo ni wati 216 tu kwenye njia inayolisha prosesa na kadi ya grafiki (inayotoa picha kwenye kioo), hata kama boksi linapiga kelele 500. Alama ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme mwingi, ni nzuri, ila stika huchapishwa popote. Hesabu yako ndiyo ya kuamini. Na ukiona swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230, hakikisha inasoma 230 kabla hujachomeka kitu. Ikiwa kwenye 115, kwa umeme wetu italipuka hapo hapo.

Kompyuta isiyo na kadi ya grafiki haihitaji wati nyingi. Prosesa kama Ryzen 5 5600G imepangiwa wati 65, kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 400 inatosha na kubaki. Ukiweza ongeza UPS ndogo, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Haitakuvusha usiku, lakini dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu zinatosha.

Jambo la pili ni ndoa ya prosesa na mazabodi, na hapa watu wanalia. Binamu yangu alipata Core i5-8400 ya mtumba kwa bei nzuri, akaiwekea mazabodi ya H110 aliyokuwa nayo. Iliingia vizuri kabisa, kwa sababu soketi (shimo la prosesa) ya zote mbili inaitwa LGA1151. Feni zikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Tulibadilisha ram (kumbukumbu ya muda), tukabadilisha waya, tukalaumu kioo cha watu. Kumbe H110 ni ya kizazi cha 6 na cha 7. Kizazi cha 8, kama ile i5-8400, na cha 9 vinataka mazabodi za mfululizo wa 300, kama H310 au B360. Usiangalie umbo la shimo. Andika jina kamili la mazabodi, fungua tovuti ya aliyeitengeneza, tafuta prosesa yako kwenye orodha yake. Upande wa AMD, B450 ya zamani inaweza kuipokea 5600G ila mpaka bayosi yake (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) isasishwe, na kuisasisha kunaweza kudai prosesa ya zamani ya kuwashia. Muulize muuzaji hilo kabla hujatoa pesa.

Kama huna kadi ya grafiki, prosesa lazima iwe na grafiki zake ndani. Kwa Intel epuka herufi F mwishoni, mathalani i3-12100F. Bila kadi haitakuonyesha kitu. Kwa Ryzen za soketi ya AM4, tafuta herufi G. Grafiki hizo hukopa ram, ndiyo maana vijiti viwili vya GB 8, vinavyosomwa kwa pamoja, vinakwenda kasi kuliko kimoja cha GB 16. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake limekaa kwingine, basi usiilazimishe.

Diski iwe SSD, ile isiyo na sahani ya kuzunguka, hata ya GB 256. Hiyo siyo anasa. Za umbo la M.2, kijiti chembamba kinacholala kwenye mazabodi, zina aina mbili, SATA na NVMe, na nafasi nyingine kwenye mazabodi hupokea moja tu. Soma kitabu chake.

Mashine za ofisini za mtumba, OptiPlex za Dell na wenzake, zinavutia, nami siwacheki wanaozinunua. Ila usizichukue ukidhani utazijenga polepole: nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawa saplai ikifa hutaipata ya dukani ikakaa. Angalia pia kizazi. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Aliye tayari kutumia Linux, mfumo wa bure, hana presha hiyo.

Kasha ni lolote lenye hewa na kichujio cha mbele. Vumbi letu jekundu unalijua. Kioo cha zamani chenye VGA (plagi ya picha ya zamani) peke yake kitahitaji kigeuzi kama mazabodi yako haina VGA.

Siku ya kununua, beba flashi yenye Linux. Mwambie muuzaji, "Kaka, niwashie hapa hapa." Ingia bayosi, soma jina la prosesa na kiasi cha ram, kisha washa Linux uachie video icheze robo saa huku ukisikiliza feni. Risiti iandikwe namba ya kila kipande. Kama umenunua kadi ya grafiki, ichomoe isafiri kwenye boksi lake, maana bodaboda na mashimo ya njiani vinaweza kuvunja nafasi yake kabla hujafika nyumbani.