Anza na mbaazi za asubuhi: kumfundisha mtoto chakula kinatoka wapi

Iteremshe chati yako ya ukutani yenye tufaha na zabibu, ikunje, weka kando. Mimi nafundisha chekechea hapa Langoni, mjini Lamu, na huanza na mahamri na mbaazi za nazi, maana mtoto kaja nazo tumboni.

Nazi kwanza. Tui la pakiti halifundishi kitu. Mtoto aitikise nazi asikie maji, akae juu ya mbuzi ya kukunia nazi akune mwenyewe (mdogo mshike mkono, meno ya mbuzi hayana huruma), kisha akamue kwa kifumbu. Tui zito liwekwe kando hadi mwisho, jepesi litangulie chunguni. Ukiwa na jamaa mwenye shamba bara ya Lamu, upande wa Hindi au Mpeketoni, nendeni mkamwone mkwezi akiangua. Huko huko mwonyeshe mbaazi shambani. Wangu waliapa kwamba huchimbwa kama viazi, wakashangaa kukuta mti unaowapita kimo.

Ngano ya mahamri hatulimi Lamu. Hulimwa Narok, na nyingine nyingi hushushwa melini Mombasa. Iliki asili yake milima ya kusini mwa India.

Samaki ni kwenda sokoni mapema, pale karibu na Ngome. Nenda wakati wa kusi, bahari ikichafuka, samaki haba na bei juu. Usimweleze sababu, amuulize mvuvi.

Sasa watu wengine wanakula nini? Usikimbilie Japani kabla hujavuka kwenda Mokowe, bara. Waorma maziwa ndiyo chakula chao cha tangu jadi, Waboni wanajua asali na matunda ya msituni. Wakishazoea hayo, chukua kitu kimoja ukifuate kwenye vyungu vingi. Mimi napenda mahindi. Asili yake ni Mexico, kwa hiyo Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, hakuna aliyekula sima ya mahindi pwani hii, mtama ulikuwapo. Wamexico huyachemsha kwa maji ya chokaa, ganda likabanduka, wakasaga na kuchoma mikate myembamba iitwayo tortilla. Hapo darasa hucheka: chokaa ya tambuu ya bibi! Ndiyo, jamii ile ile. (Ya mafundi wa nyumba msiiguse, inaunguza.)

Nina sheria moja: hakuna kusema "kinyaa". Akikunja uso kusikia Wajapani hula samaki mbichi na wali usio na tui, muulize mgeni angesemaje akinusa papa wetu wa ng'onda.

Wakikuuliza usilolijua, nendeni dukani mkasome magunia. Mchele wa pishori utakuta umetoka Mwea, ule wa bei nafuu mara nyingi umeandikwa Pakistan. Kisha mwachie mtoto ramani azitafute sehemu hizo.