Kabla ya Kwenda Virpur kwa Jalaram Bapa
Kabla hujafunga safari ya Virpur, usihangaike kutenga fungu la sadaka. Hekalu la Jalaram Bapa, mtakatifu wa Kihindu, katika mji huu mdogo wa jimbo la Gujarat, India, ulio kwenye barabara ya Rajkot kwenda Junagadh, halipokei sadaka yoyote tangu tarehe 9 Februari 2000. Mwenye nadhiri ya kutoa fedha afadhali aitimize huko huko anakoishi, kwa kulisha wenye njaa. Naamini Bapa mwenyewe angependezwa zaidi na hilo.

Cha kwenda nacho ni njaa. Jalaram alizaliwa hapo Virpur mwaka 1799, katika ukoo wa Walohana, jamii ya wafanyabiashara wa Kihindu. Mwaka 1820, kwa baraka za guru wake, yaani mwalimu wake wa kiroho, Bhojalram wa Fatehpur, yeye na mkewe Virbai walianza kulisha kila aliyebisha hodi, awe sadhu (mtawa wa Kihindu), msafiri au fukara, bila kumuuliza dini wala tabaka. Watu wanasimulia kwamba nafaka za kwanza walizipata kwa kuvuna mashamba ya watu. Ulishaji huo unaendelea hadi leo, kwa hiyo usishibie hotelini. Keti na wenzako, kula kwa mkono wa kulia, na pakuliwa kile tu utakachokimaliza. Kubakiza chakula mahali kama pale ni kumvunjia heshima mwenye nyumba.

Simulizi ya fimbo na mkoba ujifunze mapema, maana vyote viwili utavikuta vimehifadhiwa pale. Inasemekana sadhu mmoja mzee alimwomba Jalaram ampe mkewe amhudumie. Virbai akaridhia, akamfuata. Walipofika porini, mzee akamwachia fimbo na mkoba wake wa kitambaa avishike, kisha akatoweka. Waumini wanasema alikuwa Mungu mwenyewe. Mimi nasimama zaidi kwa Virbai, yule mama aliyekubali kwenda asikokujua. Mtaje naye unapoomba.

Kuna na picha ya Bapa ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa mwaka mmoja kabla hajafariki mwaka 1881. Kama umekulia Mombasa, Kampala au Dar es Salaam, huenda mzee yule mwenye kilemba cheupe na fimbo si mgeni kwako. Wagujarati wengi wamemtundika ukutani, nyumbani na dukani.

Sherehe ya kuzaliwa kwake huangukia siku ya saba baada ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Siku hiyo umati ni mkubwa mno. Ukiongozana na wazee au watoto, chagua siku nyingine, na uepuke Mei, maana joto la Saurashtra, eneo hilo la Gujarat, hupita nyuzi 40. Vaa nguo za heshima na viatu vyepesi kuvua, simu ikae mfukoni. Wakikupa prasadi, yaani chakula kilichobarikiwa, ya gathia (vijiti vya kukaanga vya unga wa dengu) na vitone vitamu vya unga wa dengu, kinga viganja viwili, wa kulia juu ya wa kushoto, nyingine uwafungie waliobaki nyumbani.