Taima za soketi ndani ya Linux: kwa nini keepalive ya sekunde 60 inakuacha ukining'inia robo saa

Programu imewashiwa keepalive (kipimo cha uhai wa muunganisho ulio kimya), muda umewekwa sekunde 60, kisha mashine ya upande wa pili inazimika ghafla na programu yako inabaki imeduwaa kwa dakika 15. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha mipangilio ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kwanza tazama taima ipi ya soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao) inahesabu. Unahitaji haki za root (msimamizi mkuu), socat ya kufungua muunganisho, iptables ya kuzuia pakiti na ss ya kuonyesha hali ya soketi.

Hatua ya 1: Uwanja wa majaribio

Usijaribu haya kwenye seva ya kazini. Tunaunda mitandao miwili iliyotengwa ndani ya kompyuta moja:

```
ip netns add kushoto
ip netns add kulia
ip link add v0 netns kushoto type veth peer name v1 netns kulia
ip -n kushoto addr add 10.9.0.1/24 dev v0
ip -n kulia addr add 10.9.0.2/24 dev v1
ip -n kushoto link set v0 up
ip -n kulia link set v1 up
```

Hatua ya 2: Fungua muunganisho, soma taima

Amri hizi tatu, kila moja kwenye terminali yake:

```
ip netns exec kulia socat TCP-LISTEN:5000,reuseaddr -
ip netns exec kushoto socat - TCP:10.9.0.2:5000,keepalive,keepidle=60,keepintvl=10,keepcnt=3
ip netns exec kushoto watch -n1 ss -tno
```

Mwisho wa mstari utaona kitu kama `timer:(keepalive,57sec,0)`: aina ya taima, muda uliobaki kabla haijalia, na idadi ya marudio. Bila `keepidle` ungekuta karibu saa 2, maana Linux huanza na sekunde 7200. RFC 1122, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1989, hairuhusu muda wa kuanzia ulio mfupi kuliko huo.

Hatua ya 3: Ua upande wa pili kimyakimya

```
ip netns exec kulia iptables -A INPUT -j DROP
```

Usiandike chochote. Sekunde 60 zikiisha, pakiti za kupima uhai zinaanza kutumwa, tatu kwa jumla, kila baada ya sekunde 10, na kwenye sekunde ya 90 hivi socat inakufa kwa kosa la ETIMEDOUT (muda umekwisha). Mpaka hapo keepalive imetimiza ahadi.

Sasa futa kizuizi (`iptables -F` kule kulia), fungua muunganisho upya, weka kizuizi tena, halafu safari hii andika mstari mmoja upande wa kushoto na ubonyeze Enter.

Neno `keepalive` linatoweka, mahali pake panakuja `on`. Hii ni taima ya kutuma upya. Inaanza na milisekunde 200 na ushee, kisha inajizidisha mara mbili kila inapolia. Ukikuta `(on,25sec,7)` ujue imeshatuma upya mara saba. Dari yake ni sekunde 120. Kwa `tcp_retries2` (mpangilio wa kerneli wa idadi ya kutuma upya) ya kawaida, yaani 15, jumla ni sekunde 924.6. Hizo ndizo dakika 15 zako.

Hatua ya 4: Fungua msimbo

Ndani ya msimbo wa kerneli, nenda `net/ipv4/tcp_timer.c`, tafuta `tcp_keepalive_timer`. Kabla ya kupima uhai inauliza: kuna data iliyotumwa bila kuthibitishwa, au iliyobaki kwenye foleni? Ikiwepo, inajipangia muda mwingine na kuondoka, kwa hoja kwamba taima ya kutuma upya imeshashika zamu. Mwandishi wa mstari ule aliweka hata kitabasamu cha miwani kwenye maelezo yake. Kwa mtu wa seva si jambo la kuchekesha sana.

Ukiwa hapo, soma pia `tcp_write_timer`. Taima hiyo moja inabeba kazi kadhaa, ikiwemo kutuma upya na kupima dirisha lililofungwa (mpokeaji akiwa hana nafasi ya data zaidi). `icsk_pending` ndiyo inayosema zamu ni ya nani. Taima yenyewe hairuhusiwi kulala, yaani kusimama ikisubiri. Ikikuta soketi imeshikwa na programu, inaacha alama tu, na kazi inafanywa soketi inapoachiliwa.

Ukiandika itifaki yako mwenyewe, tumia `sk_reset_timer` na `sk_stop_timer`, usiite `mod_timer` moja kwa moja. Ya kwanza inaongeza hesabu ya wanaoishikilia soketi pale taima inapowashwa kutoka hali ya kuzimwa. Ya pili inaipunguza ikiwa imeizima taima kabla haijalia. Ukisahau hesabu hiyo, siku moja taima italia juu ya soketi ambayo kumbukumbu yake imeshagawiwa kitu kingine. Hitilafu za namna hiyo hazina huruma: hujitokeza mbali kabisa na zilipozaliwa.

Hatua ya 5: Rekebisha kwenye programu

```
s.setsockopt(socket.IPPROTO_TCP, socket.TCP_USER_TIMEOUT, 30000)
```

Hiyo ni Python. Thamani ni milisekunde, na Linux inaitambua tangu toleo 2.6.37. Data ikikaa sekunde 30 bila kuthibitishwa, muunganisho unakatwa. Iweke pamoja na keepalive, kwa kuwa soketi iliyo kimya bado inahitaji kupimwa uhai, lakini fahamu kwamba ikishawekwa, hiyo ndiyo inayoamua lini keepalive ikate tamaa.

Kupunguza `tcp_retries2` nako kunafanya kazi, ila kunagusa kila muunganisho kwenye mashine, hata ule wa mteja mwenye mtandao wa kusuasua. Mimi siigusi mpaka programu yenyewe iwe haiwezi kubadilishwa, na hata hapo sishuki chini ya 8, kwa sababu RFC 1122 inataka angalau sekunde 100.

Ukimaliza, safisha:

```
ip netns del kushoto
ip netns del kulia
```