Gemu ya Kutembeza Kichapo Imekuangusha? Ipime Hivi

Gemu za kutembeza kichapo zinaonekana rahisi: unasogea kulia, wahuni wanatokea, unawatandika, unaendelea. Ndiyo maana moja ikiboa, watu husema "inarudiarudia" na kuishia hapo. Lakini Final Fight ya Capcom ya mwaka 1989 nayo inarudiarudia mwanzo hadi mwisho, na bado inachezwa. Utamu au ubutu wa gemu hizi uko kwenye mambo yanayotokea ndani ya nusu sekunde: ngumi inatoka lini, inagusa wapi, adui anaduwaa kwa muda gani, nani anakuwahi wakati unaamka. Yote hayo yanapimika. Unahitaji simu inayorekodi mwendo wa polepole, programu ya VLC kwenye kompyuta, karatasi na saa moja.

Kwanza hakikisha kosa si la kwako

Malalamiko mengi kwamba "inachelewa kuitikia" ni ya televisheni, si ya gemu. Rekodi kwa fremu (picha moja moja za video) 240 kwa sekunde, kidole chako kwenye pedi na skrini vyote vionekane ndani ya picha moja. Bonyeza batani ya ngumi mara kumi. Kisha fungua video kwenye VLC, uisogeze fremu moja moja kwa herufi E, na uhesabu kuanzia batani inapozama hadi mkono wa mhusika unapoanza kusogea. Fremu 24 ni sawa na milisekunde 100. Chini ya hapo hakuna cha kulalamikia. Ikifika fremu 32 na kuendelea, utaanza kuhisi unapigana ukiwa umevaa glovu za baridi.

Rudia kipimo hichohicho kwa gemu nyingine unayoiamini, kwenye televisheni ileile na pedi ileile. Zikichelewa zote mbili, washa hali ya gemu kwenye televisheni, na kama pedi ni ya bluetooth ichomeke kwa waya. Ikichelewa moja tu, hapo kosa ni la gemu.

Kwa gemu za zamani kuna mtego mwingine, nao unatuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki, ambako televisheni zilifuata PAL, mfumo wa picha wa herzi 50. Nakala za PAL za mashine za biti 16, kama Super Nintendo, zilikwenda kwa herzi 50 badala ya 60, na gemu nyingi hazikurekebishwa. Matokeo yake, mwendo unapungua kwa karibu asilimia 17, na mara nyingi kuna mistari mieusi juu na chini ya picha. Ukicheza kwa emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, angalia jina la faili: kama limeandikwa Europe, tafuta la Marekani au Japani kabla hujaandika kwamba wahusika wanatembea kama wanasukuma mkokoteni.

Kisha jua unahukumu toleo lipi. Final Fight ya Super Nintendo ni ya mchezaji mmoja tu, mhusika Guy hayumo, na leveli ya kiwandani ilikatwa. Anayeicheza hiyo akatangaza kwamba Final Fight imepitiliza sifa, hajaigusa gemu yenyewe. Ile ya Mega-CD, mashine ya Sega, ya mwaka 1993 ilirudisha vyote vitatu. Hali ni hiyohiyo kwa Double Dragon: kwenye mashine za sarafu mwaka 1987 wawili walipigana bega kwa bega, ila kwenye NES, mashine ya nyumbani ya Nintendo, mwaka uliofuata wakawa wanapokezana zamu.

Pima ngumi

Hapa ndipo penye kazi, usiparuke. Chukua adui mmoja wa leveli ya kwanza, mwache peke yake, kisha angalia mambo manne.

La kwanza ni mstari. Katika gemu hizi unasogea pia juu na chini, yaani ndani na nje ya barabara. Kivuli cha miguuni ndicho kinachoonyesha umesimama wapi. Simama mbele ya adui, piga, sogea juu kidogo sana, piga tena, hadi ngumi ianze kukosa. Halafu mwache yeye akupige kutoka mistari hiyohiyo. Kama anakufikia mahali ambapo wewe humfikii, umeshapata chanzo cha hasira zako: gemu inakutaka uwe sahihi kuliko yeye. Wachezaji wengi huliita tatizo hili "ngumi hazipati" bila kujua kwamba zinapita sentimita moja juu ya kichwa cha mtu.

La pili ni uzito. Rekodi skrini, kisha tazama fremu ambayo ngumi inagusa. Gemu nzuri husimamisha picha ya mpigaji na mpigwaji kwa fremu chache, na pigo la mwisho husimama zaidi kuliko la kwanza. Hicho kisimamo ndicho kinachokufanya uhisi kipigo kimeingia. Kisipokuwepo, hata sauti iwe kubwa namna gani, utaona unapiga hewa.

La tatu ni kuduwaa. Piga ngumi moja, subiri, piga ya pili. Jaribu kwa kasi tofauti. Kama adui anazinduka na kukujibu kabla ngumi yako ya pili haijafika hata ukibonyeza haraka, basi mfuatano wa mapigo ni wa kubahatisha, na mchezaji atakimbilia teke la kuruka kwenye kila pambano.

La nne: cheza leveli nzima kwa pigo moja tu. Chagua lile unalolishuku. Ukimaliza kwa urahisi kuliko ulipotumia yote, orodha ya mapigo ni mapambo. Ila usikate hukumu kwa hilo peke yake. Double Dragon ya 1987 inamalizika kwa kiwiko karibu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na haikuacha kuwa gemu kubwa.

Pima kundi

Subiri wawe watatu au wanne, simama katikati, usipige kwa sekunde kumi. Hesabu wanaokushambulia kwa wakati mmoja. Gemu iliyofikiriwa vizuri huwaachia mmoja au wawili wakati wengine wanazunguka na kutafuta mgongo wako. Wakikuvamia wote, unahitaji njia ya kujinasua, na njia hiyo lazima iwe na gharama unayoielewa. Katika Final Fight pigo la kujinasua linakula damu yako, yaani uhai wa mhusika wako, likimpata mtu. Streets of Rage 4 ya mwaka 2020 inakukopesha: damu iliyotumika inageuka kijani, na unairudisha kwa kupiga watu bila kupigwa. Kama gemu yako haina kitu cha aina hiyo na bado inakuzungushia wanne, huo si ugumu, ni uvivu wa mtengenezaji.

Kisha jiangushe makusudi mara kumi. Andika mara ngapi unapigwa tena kabla hujaweza kusogea. Zaidi ya mbili au tatu inamaanisha hakuna kinga ya kutosha wakati wa kuamka. Angalia pia kama kuna anayekupiga akiwa nje ya skrini. Hilo halina utetezi.

Mwisho, hesabu ngumi zinazomlaza mhuni wa kawaida leveli ya kwanza na leveli ya mwisho. Zikipanda kutoka sita hadi ishirini, huku mtu ni yuleyule aliyebadilishiwa rangi ya shati na hana mbinu mpya, gemu imerefushwa kwa maji.

Pima sarafu

Sarafu zisizo na mwisho kwenye emuleta huficha ubovu, maana unasukuma tu mpaka majina ya watengenezaji yanapanda. Jiwekee sarafu tatu na uandike unafia wapi. Vifo vikitawanyika, ni ugumu wa kawaida. Vikirundikana kwa bosi mmoja, rudi kwake utazame kama ana wakati wowote anaopigika.

Mfano wa kufundishia ni Double Dragon 3 ya mashine za sarafu, ya mwaka 1990, iliyotengenezwa na East Technology. Nje ya Japani iliweka maduka ndani ya gemu, na ili ununue nguvu, mbinu au wahusika wa ziada ulitumbukiza sarafu halisi. Toleo la Japani liliyaondoa. Kwa hiyo anayeipima lazima aandike alicheza lipi. Na hata bila maduka, vipimo vya ngumi hapo juu havitaihurumia: mwendo ni wa kukatika na mapigo hayana uzito.

Kama ni ya wawili, icheze mkiwa wawili, tena hadi mwisho. Battletoads ya NES ina kasoro kwenye leveli ya kumi na moja: mchezaji wa pili hawezi kabisa kuongoza chombo chake. Aliyeonja leveli tatu akaisifia ushirikiano, hakufika huko.

Kuandika hukumu

Taja toleo, mashine, kiwango cha ugumu na idadi ya sarafu. Kisha sema kasoro moja au mbili zilizozaa nyingine, siyo orodha ya kila kilichokukera. "Adui ananifikia mstari ambao simfikii, kwa hiyo natumia teke la kuruka tu" inamsaidia msomaji kuliko aya nzima kuhusu michoro.

Kama umeinunua Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, fanya vipimo vya ngumi na kundi kwanza. Pesa hurudishwa ukiomba ndani ya siku 14 za kununua na ukiwa umecheza chini ya saa mbili, na gemu nyingi za aina hii huisha kabla ya muda huo.