Kabla hujamfuta mtu kazi: somo kwa masupavaiza wenzangu

Jamani masupavaiza wengi hapa Mombasa twaanza na kumfuta mtu, na mie nlikuwa hivyohivyo. Kuna kijana nlimfuta getini, godauni moja Shimanzi, Ijumaa jioni nkamwambia tu kesho usije. Akaenda kortini akashinda, kampuni ikalipa, lakini linaloniuma mpaka leo ni kuwa sikumuuliza ana shida gani.

Hatua ya kwanza, mwite kando, si mbele ya wenzake, na uwe na kitu cha kumuonyesha. Usimwambie "wewe mvivu". Baadaye nlikuwa na klaki achelewa kila siku, nkafungua daftari la kuingilia nkaweka kidole: Jumatatu saa mbili na dakika ishirini, Jumanne mbili unusu, Jumatano vilevile. Akanyamaza, kisha akasema ni feri, ampeleka mtoto skuli kwanza ndo aje avuke Likoni. Tukamsongeza aingie saa tatu na jioni afunge yeye, hakuchelewa tena.

Ya pili, asipobadilika ndo onyo la maandishi: kosa, tarehe, arekebishe nini na mpaka lini. Akikataa kusaini andika amekataa, shahidi asaini.

Ya tatu hapa ndo twaanguka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema kabla ya kumfuta mtu kwa kazi mbovu au utovu wa nidhamu umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, tena mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi atakayemchagua mwenyewe, na umsikilize. Sasa mtu Kizungu chamshinda na wewe wamsomea barua ya Kizungu, hapo umemweleza nini? Na usimwite kikao na barua ya kumfuta ishachapishwa iko kwa droo, watu wanajua.

Ya nne, wa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28 kwa maandishi au umlipe badala yake, pamoja na siku alizofanya, likizo iliyobaki na cheti cha kazi.

MASWALI

Kaka, aliyeshikwa na mali ya stoo si aende hapohapo?
– Kifungu cha 44 chakuruhusu kumfuta bila notisi, lakini kumsikiliza ni lazima hata hapo, na pesa ya siku alizofanya ni yake.

Lazima maonyo matatu?
– Sheria haikutaja idadi. Lakini kama mkataba wenu umeandika matatu, fuateni matatu.

Akishtaki?
– Korti yaweza kumpa hadi mishahara ya miezi 12, na ana miaka 3 ya kushtaki, kwa hivyo faili usitupe.

Kuna dada ni mjamzito na kazi yake imeshuka, nimpe onyo?
– Ujauzito si sababu ya kumfuta mtu, dadangu. Keti naye kwanza umuulize asimama masaa mangapi kwa siku, na umtafutie kiti.